Chakula salama wakati wa ujauzito: mwongozo kwa jikoni za Tanga

Mwanamke mjamzito anayeishi Tanga hana haja ya kuagiza chakula cha mbali ili ale vizuri. Samaki hushushwa Deep Sea na Sahare, mboga na matunda huteremka kutoka Lushoto, machungwa hutoka Muheza, na maharage, nazi na ndizi hazikosekani sokoni Mgandini. Hatari, kwa sehemu kubwa, imo katika saa zinazopita tangu chakula kitoke majini, shambani au zizini hadi kifike mezani, katika mji wa pwani ambao mchana wake ni wa joto karibu mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unakifuata chakula njiani, na kila kinapofika unaeleza ni madhara yapi yanayoondolewa na moto na ni yapi yasiyoondoka hata chungu kichemke kutwa. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kukumbukwa kuliko orodha ndefu za vyakula vilivyokatazwa, ambazo kila jirani ana yake.

Ujauzito hupunguza makali ya kinga ya mwili, hivyo vijidudu ambavyo mtu mwingine angeumwa navyo tumbo siku mbili akapona vinaweza kumfikia mtoto. Bakteria aitwaye listeria hupita kwenye kondo la nyuma na anaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa mfu, hata kama mama mwenyewe alipata homa ndogo tu. Kimelea cha toksoplasma, kinachopatikana katika nyama isiyoiva na katika udongo uliochafuliwa na kinyesi cha paka, kinaweza kumdhuru mtoto macho na ubongo. Homa ya ini aina ya E, inayoenezwa na maji machafu, ni kali mno kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho. Wote hawa, kwa bahati nzuri, hufa kwa moto wa kutosha.

Hatua ya kwanza: wahi kliniki kabla ya kubadili chakula

Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza lifanyike kabla wiki 12 za ujauzito hazijatimia, na yote yawe angalau manane hadi kujifungua. Desturi ya kungoja tumbo lionekane ndipo mtu aende inamkosesha mama vipimo vya damu, shinikizo la damu na mkojo katika wakati ambao ushauri wa chakula una faida kubwa zaidi. Mwenye kisukari, upungufu wa damu au shinikizo la juu atapewa maelekezo yake mwenyewe, na maelekezo hayo yatangulie haya ya jumla.

Kliniki ndiko vinakopatikana vidonge vya kuongeza damu. Kiwango kinachopendekezwa ni miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi kila siku. Mfereji wa neva za mtoto, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba anafanya vyema kuanza foliki asidi mapema. Asinunue mwenyewe vidonge vya miligramu 5 bila kuandikiwa, kwa kuwa kiwango hicho kikubwa hupunguza nguvu ya dawa ya SP anayopewa mjamzito kumkinga na malaria.

Hatua ya pili: sokoni, samaki awe wa mwisho kununuliwa

Anza na vikavu, kisha mboga na matunda, na samaki au nyama vinunuliwe mwisho, ukishajua kwamba kutoka hapo unakwenda nyumbani moja kwa moja. Inaonekana jambo dogo, lakini samaki aliyekaa ndani ya mfuko wa plastiki saa nzima huku mwenyewe akizungumza na wifi yake dukani si yule aliyetoka kwenye barafu.

Samaki mbichi mwema ana macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole, na harufu ya bahari tu. Macho yaliyozama na matamvua yenye rangi ya kahawia yanatosha kukurudisha nyuma, hata bei ikishuka kiasi gani. Samaki ambaye nyama yake inamomonyoka na uti wake wa mgongo umevunjika pasipo sababu huenda ameuawa kwa baruti, uvuvi haramu ambao mwambao huu umeteseka nao kwa miaka mingi. Nyama yake huharibika haraka, na hilo ni sababu ya pili ya kumkataa.

Jodari na vibua wanahitaji uangalifu wa pekee. Wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza nyama yao kuwa na histamini, sumu inayosababisha uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kutapika. Sumu hiyo haiondolewi na kukaanga, wala na ndimu, wala na pilipili, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Anayenunua jodari aone barafu kwa macho yake.

Halafu kuna zebaki, ambayo nayo haiondoki kwa moto. Samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi huikusanya mwilini, nayo hudhuru ubongo wa mtoto unaojengeka. Papa, nduaro na jodari wakubwa waachwe kwa kipindi chote cha ujauzito, na nguru mkubwa aliwe kwa nadra. Najua kwamba kumwambia mtu wa Tanga aache papa wa nazi ni kumwambia jambo zito, na papa mkavu hapungukiwi na zebaki kwa kukaushwa. Hata hivyo asiache samaki wote, kwa kuwa mafuta ya samaki ndiyo yanayosaidia ubongo huohuo. Milo miwili hadi mitatu kwa wiki, jumla ya gramu 225 hadi 340, inafaa, na dagaa, vibua, changu na tasi wanatosha kabisa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta pia kalisi.

Wawili wasiliwe na yeyote. Bunju ana sumu inayopooza misuli na isiyovunjwa na moto. Nyama ya kasa, mbali na kuwa ni haramu kisheria kumvua, mara nyingine hubeba sumu isiyojulikana kwa kuonja. Mwezi Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kuila. Sumu hiyo inaweza kupita pia kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo anayenyonyesha naye ajiepushe.

Kwa upande wa vikavu, tazama mahindi na karanga. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kukaanga karanga au kusonga ugali hakuiondoi sumu hii. Chambua punje moja moja na kutupa mbovu, usinunue unga ambao hujui mahindi yake yalikuwaje ikiwa lipo la kuchagua, na karanga zenye ladha chungu ziteme mara moja.

Chumvi nayo ina neno. Pwani yetu ina mashamba ya chumvi, na chumvi ya mawe inayouzwa rejareja kwa kopo huenda haikutiwa madini joto. Upungufu wa madini hayo kwa mama hudumaza akili ya mtoto, hivyo nunua chumvi ya paketi iliyoandikwa kuwa na madini joto, iweke katika chombo chenye kifuniko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa kuwa madini hayo hupotea kwa moto mrefu.

Hatua ya tatu: jikoni

Osha mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kugusa chakula na kila baada ya kushika nyama au samaki mbichi. Kisu na kibao kilichokatia kuku visikate kachumbari kabla ya kuoshwa. Ikiwezekana kibao cha nyama kiwe mbali na cha mboga. Kuku mbichi hana haja ya kuoshwa kwa maji yanayorukaruka, kwa sababu maji hayo husambaza bakteria mpaka kwenye vikombe vilivyo kando. Moto ndio utakaomsafisha.

Nyama iive hadi ndani, yaani pasiwe na sehemu ya waridi wala maji mekundu; kwa mwenye kipimajoto, kitovu cha kipande kifike nyuzi 70 au zaidi. Mayai yaive mpaka kiini kigande. Ile hofu ya zamani kwamba mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele haina msingi wowote, nayo inawanyima akina mama protini iliyo nafuu kuliko nyama. Ikiwa bibi au mama mkwe anaishikilia, ni busara kumwomba muuguzi wa kliniki azungumze naye siku anayomsindikiza mkwewe, kuliko kubishana naye jikoni.

Matembele, mchicha na saladi zioshwe kwa maji safi zaidi ya mara moja, jani kwa jani, kwa sababu udongo unaobaki kwenye vikunjo ndio unaobeba vimelea. Paka wa vichochoroni Ngamiani wana uhuru wao, na bustani ya nyuma ya nyumba ni choo chao. Anayechuma mboga hapo avae glavu au aoshe mikono vizuri baadaye. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha bila kufunikwa, ili sumu ya sianidi itoke na mvuke. Mhogo umenywe na kupikwa. Ule mbichi wa kutafuna uachwe, hasa ukiwa na ladha ya uchungu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, yapoe katika chombo kilichofunikwa, na yatekwe kwa kata yenye mpini au kwa bomba la chombo chenyewe. Anayetumia dawa ya klorini afuate maelezo ya paketi na kungoja muda ulioandikwa.

Hatua ya nne: kiporo

Hapa ndipo pwani inapokosea zaidi, nami nasema hivi nikijua kwamba wali wa jana kwa chai asubuhi ni raha isiyo na mpinzani. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye basilasi, na mbegu hizo huvumilia mchemko. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha asubuhi hakuivunji. Kawa juu ya sinia huzuia nzi, haizuii bakteria. Vyakula vya tui, kama maharage ya nazi au samaki wa kupaka, huchacha upesi zaidi, na ulimi hautambui siku zote kwamba kimeshaanza.

Kanuni ni kwamba chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto linalopita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Kinachobakizwa kigawanywe katika vyombo vifupi ili kipoe haraka, kiingie friji chini ya nyuzi 5, na kiliwe ndani ya siku moja kwa wali na siku mbili kwa vingine, kikishapashwa moto mpaka kitokote. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa nne. Baada ya hapo nyama, samaki na maziwa vihesabiwe kuwa vilikuwa nje. Ikumbukwe pia kwamba listeria huendelea kuota hata ndani ya friji, kwa hiyo friji huchelewesha tu.

Nyumba isiyo na friji ina njia rahisi zaidi: kupika kwa kipimo cha mlo mmoja. Kama ni lazima kubakiza kwa ajili ya anayechelewa kurudi, apakuliwe mwingine, na mjamzito ale cha moto.

Hatua ya tano: maziwa

Maziwa mabichi yanayoletwa nyumbani kwa baiskeli yachemshwe yote, bila kujali muuzaji ni ndugu na ng'ombe anajulikana kwa jina. Brusela, ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba, humwambukiza binadamu kupitia maziwa hayo na unaweza kuharibu ujauzito. Mtindi uliogandishwa kutokana na maziwa mabichi hauna usalama, kwa kuwa uchachu hauwaui bakteria hao kwa uhakika. Chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo utie kianzio. Maziwa na mtindi wa paketi vilivyopitia kiwandani vinafaa ilimradi vilitunzwa kwenye baridi na tarehe haijapita.

Hatua ya sita: cha kununua barabarani

Sisemi mjamzito asile nje. Achague kinachotoka motoni mbele yake: chapati inayotoka kwenye chuma, mahindi ya kuchoma, bajia zinazoopolewa kwenye karai. Chipsi mayai aiombe ikaushwe pande zote mbili. Mishkaki irudishwe mkaani kama ndani bado ni nyekundu. Yai la kuchemsha amenye mwenyewe, na ile kachumbari inayofuata nalo, iliyokatwa tangu saa nane, aikatae kwa adabu. Pweza ni chakula kizuri akiwa wa moto, ila vipande vilivyokwisha kupoa juu ya meza jioni, pamoja na bakuli la mchuzi ambamo kila mteja amechovya, viachwe.

Juisi ya miwa ina mashaka mawili, mashine na barafu. Barafu ni maji, na kuganda hakuui vijidudu. Dafu lililofunguliwa hapohapo ni salama zaidi kuliko vinywaji vingi vya barabarani. Embe bichi lenye pilipili na chumvi ni vema kulinunua zima na kulimenya nyumbani. Papai lililoiva halina tatizo na husaidia choo, lakini papai bichi lina utomvu unaoweza kuchochea misuli ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo lisubiri.

Hatua ya saba: kulinda damu

Mjamzito haongezi sahani ya pili. Miezi mitatu ya kwanza mahitaji ya nguvu hayabadiliki sana, ya kati huongezeka kwa kiasi cha kalori 340 kwa siku, na ya mwisho kwa takriban 450, sawa na kikombe cha maziwa, ndizi na konzi ya karanga. Kinachoongezeka kweli ni haja ya madini ya chuma. Maharage, kunde, choroko, mchicha, dagaa na nyama nyekundu vina chuma, na chuma cha mimea hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C. Chungwa la Muheza baada ya maharage lina kazi hiyo. Kidonge cha kuongeza damu nacho kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa. Choo kikiwa cheusi, ni rangi ya chuma na hakuna la kuhofia.

Chai huzuia chuma kufyonzwa, na huo ndio ubaya wa kuinywa pamoja na mlo. Ingoje saa moja baada ya kula. Kahawa chungu ya vikombe vidogo ina kafeini nyingi kuliko udogo wake unavyoonyesha. Wataalamu wengi huweka mpaka wa miligramu 200 kwa siku, na chai za siku nzima zimo ndani ya hesabu hiyo.

Maini yana chuma, lakini gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina vitamini A kupita kiwango cha juu cha siku nzima, na wingi wa vitamini hiyo unaweza kuharibu maumbile ya mtoto, hasa miezi ya mwanzo. Usile maini mara kwa mara, na kwanza muulize mhudumu wa kliniki. Pombe, tembo la mnazi likiwemo, haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dawa za mitishamba za kusafisha tumbo au kuharakisha uchungu zisinywewe.

Udongo unauzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito, na hamu yake ni ya kweli. Mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba udongo wenyewe hushika chuma tumboni na kuzidisha upungufu, hufunga choo, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo na metali kama risasi na arseniki. Mwenye hamu hiyo asione haya kuisema kliniki na kuomba kupimwa damu. Kichefuchefu kikiwa ndicho kinachomsukuma, ajaribu tangawizi, mkate mkavu kabla ya kutoka kitandani, na milo midogo ya mara nyingi.

Hatua ya nane: mwezi wa Ramadhani

Mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kula, na suala la kulipa siku hizo au kutoa fidia aliulize kwa sheikhe wake. Anayeamua kufunga ashauriane kwanza na daktari, hasa mwenye kisukari au shinikizo la damu. Daku asiiache: ale vinavyokaa tumboni kama maharage, mayai na viazi vitamu, anywe maji kidogo kidogo tangu magharibi, na afuturu kwa tende na maji kabla ya vya kukaanga. Kizunguzungu, mkojo mweusi, uchungu wa tumbo, au mtoto kupunguza kucheza ni sababu za kufungua hapohapo. Uji na tambi za futari zilizobaki zinafuata kanuni ileile ya kiporo, ingawa daku ni saa chache tu mbele.

Hatua ya tisa: dalili za kukimbilia hospitali

Kuharisha au kutapika kukianza, nywa chumvichumvi ya paketi iliyochanganywa katika lita moja ya maji safi, na usimeze dawa ya kufunga tumbo bila kuandikiwa. Nenda kituo cha afya, au hospitali ya Bombo kama ni karibu, siku hiyo hiyo ukiona homa, damu kwenye choo, kutapika kusikokuachia hata maji, macho kuwa ya manjano, kutokwa na damu au maji ukeni, kichwa kuuma sana pamoja na kuona giza, au mtoto kutocheza kama kawaida. Ganzi ya midomo au misuli kulegea baada ya kula samaki haingoji asubuhi.

Chukua kadi ya kliniki, na kama chakula kinachoshukiwa kimebaki, kifunge na ukibebe pamoja na paketi yake. Mweleze mhudumu ulichokula siku hizo na pia wiki zilizotangulia, likiwemo suala la maziwa mabichi, kwa sababu ugonjwa wa listeria unaweza kuchukua hadi siku 70 kabla ya kuonyesha dalili, na mhudumu asiyeambiwa huenda akapima malaria peke yake.